Picha Iliyogeuza Uso

Macho yangu hayapitwi na kitu. Sijisifu, mtu akitaja urefu wake hajisifu, anataja kipimo. Muulize yeyote pale Isevya, Tabora. Nikimwona mtu mara moja msibani, hata akija mwaka unaofuata kwenye harusi kabadilisha kofia, nitamwambia alikaa wapi na alimalizia sahani ya nani. Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu wakikimbilia bodaboda za mkataba, mimi nilibandika kibao juu ya banda la mama yangu la kuuza mkaa: ADINANI, UPELELEZI NA UCHUNGUZI. Chini yake mama akaongeza kwa chaki: mkaa pia upo.

Jumatano asubuhi Bi Anifa alituma mtu aje kuniita. Nikadhani anataka mkaa. Nikabeba na gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka gunia nje. Vua na viatu, nimepiga deki. Leo nimemwita mpelelezi, sikumwita mtoto wa muuza mkaa."

Nikafuta mikono kwenye suruali, nikaingia sebuleni kama mpelelezi.

Sebule ya Bi Anifa ina makochi yenye vitambaa vya kufuma, meza yenye kitambaa cha kufuma, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kitu pekee ambacho hakijafunikwa ni picha iliyo ukutani. Mumewe, marehemu Mzee Mabruki, alikuwa mchoraji wa mabango kwa ajili ya riziki, na mchoraji wa Misri kwa ajili ya roho yake. Ujanani alipata kitabu kikubwa chenye picha za rangi, kazi za Wazungu wa karne ya kumi na tisa waliokwenda Misri na miavuli yao, wakachora masanamu, mahekalu na piramidi, na pembeni wakawaweka wenyeji wamelala kivulini hata kama siku hiyo wote walikuwa kazini. Mzee Mabruki alizinakili kwa mkono, kwa rangi za mafuta, moja baada ya nyingine, na mpaka leo ukinywa chai Tabora mjini unaweza kujikuta unainywa chini ya Misri. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Piramidi zake zimekaa kama vichuguu. Ngamia alijaribu, wakatoka na miguu ya punda, akaachana nao. Mahali pa msafara wa ngamia akaweka wapagazi wa Kinyamwezi wenye pembe za ndovu mabegani, wanapita chini ya wafalme wa mawe kana kwamba ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji ilikosea kona ikatokea Misri.

Hii ya sebuleni ilikuwa ya wafalme wawili wa mawe, wameketi, mikono magotini, jua linazama nyuma yao. Miguuni kwao wapagazi. Mbele kabisa amesimama mwanamke mwenye mtungi.

"Huyo," alisema Bi Anifa. "Anaangalia wapi?"

"Anaangalia pembeni, bibi. Kama anaangalia njia."

"Wangu alikuwa ananiangalia mimi."

Nilimtazama. Alikuwa ameketi wima, kanga imekaa sawa, miwani safi.

"Nimekaa eda chumbani," aliendelea. "Nilipomaliza nikatoka, nikaja kukaa hapa kama zamani, nikamkuta kageuza uso. Nikamwambia Idrisa. Idrisa akaangalia picha, akaniangalia mimi, akatoka nje kupiga simu. Alikuwa anampigia daktari."

Idrisa ni mwanawe pekee, fundi wa majokofu Dar es Salaam. Si mtu mbaya. Ndiye aliyemletea mama yake jiko la gesi, na ndiye anayempigia kila jioni kumuuliza kama amelizima.

"Jumamosi anakuja na gari kunichukua," alisema Bi Anifa. "Nyumba kashapata mpangaji. Anasema mtu anayeona picha zikigeuka, siku moja atawasha jiko na kulisahau. Na mimi Dar sitaki. Mabruki kazikwa hapa. Hapa nikiamka gizani mkono wangu unajua mlango uko wapi. Kule nitakaa ghorofani niangalie paa za watu."

"Sasa mimi nifanye nini, bibi?"

"Uniambie ukweli. Kama nimechanganyikiwa niambie, usinifiche, nitakwenda kwa mwanangu. Lakini kama hii picha si yangu, nataka Idrisa asikie."

Nikaitazama picha kwa utaalamu, maana yake nilikunja mikono na kurudi nyuma hatua kadhaa. Rangi ya Mzee Mabruki. Wafalme wa Mzee Mabruki, wenye magoti kama watu waliosubiri basi tangu asubuhi. Fremu ilikaa sawasawa juu ya ile alama nyeupe ambayo picha huacha ukutani ikikaa sana.

"Nani alikuwa akija kuitazama hii picha?"

"Wengi. Lakini aliyekuwa akiitolea macho ni yule frateri wa seminari ya Kipalapala, Bernardo. Na yeye anachora. Alimwomba Mabruki ainakili, Mabruki akamwambia kanakili ya kwako."

Nikafunga kesi palepale, kichwani. Mchoraji kijana, picha aliyoitamani na kunyimwa, nyumba yenye msiba. Kanakili, kabadilisha, akakosea uso. Nikamwambia Bi Anifa aandae chai ya ushindi.

*

Kipalapala ni nje kidogo ya mji, na mapadri wa kesho nilikuta wanapalilia mahindi. Frateri Bernardo alitoka shambani na jembe begani, kijana mrefu mwenye vidole vyenye rangi ya bluu iliyogoma kutoka.

"Karibu. Unaumwa?"

"Kwa nini niumwe?"

"Unanikodolea macho."

"Nakuchunguza. Mimi ni mpelelezi. Hiyo bluu ya vidoleni ni ya nini?"

"Vazi la Bikira Maria. Twende ukamwone."

Alinipeleka kwenye chumba kidogo alichopewa cha kuchorea. Bikira Maria alikuwepo kweli, hajamaliziwa miguu. Nikapekua kwa macho kila pembe. Hapakuwa na mfalme wa Misri.

"Umetafuta vya kutosha?" aliuliza. "Sasa sema."

Nikamweleza: picha imebadilishwa, mwanamke kageuza uso, na kwamba aliyeweza kunakili kazi ya Mzee Mabruki mji huu ni yeye peke yake.

"Asante," alisema. "Ni sifa kubwa. Hiyo picha iliyopo sasa, inanuka?"

"Inanuka nini?"

"Rangi ya mafuta haikauki haraka hivyo, ndugu yangu. Mzee kafariki mwaka huu. Kama ningeinakili baada ya msiba, ukisogeza pua ungepiga chafya. Umeinusa?"

"Kwa kawaida huwa tunaanza na macho."

"Na mgongo wake umeuangalia?"

"Bila shaka," nikasema. Sikuwa nimeuangalia.

Bernardo alitabasamu kama mtu anayejizoeza kusikiliza maungamo. Akafuta mikono kwa kitambaa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mimi nilimwomba, kweli. Nikakaa naye mchana mzima pale sebuleni. Nikamuuliza, Mzee, huyu mwanamke ulimpata wapi, kwenye kitabu hayupo. Kwenye kitabu pale mbele kuna mbwa. Akasema, huyu nimemtia mimi, na ana dada yake. Nikamuuliza, dada yake yuko wapi? Akasema, yuko kwake."

"Kwake wapi?"

"Sikuuliza. Nilidhani ni utani wa kizee."

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Ndugu mpelelezi. Ukirudi, anza na mgongo."

*

Nilirudi Isevya nikaipanda stuli, nikaishusha picha, nikailaza kifudifudi juu ya kochi. Bi Anifa akasimama na birika la chai ya ushindi.

Nikanusa kwanza. Hapakuwa na harufu ya rangi. Palikuwa na harufu ya moshi. Mgongo wa kitambaa ulikuwa umekolea masizi, rangi ya sufuria ya kwenye sherehe.

"Bibi, humu sebuleni kuliwahi kupikwa kwa kuni?"

"Sebuleni? Mabruki angenipa talaka na fremu juu yake."

Kwenye kona ya chini, ndani ya fremu, nyigu walikuwa wamejenga. Nikabandua kipande cha nyumba yao, kikavu, cheusi. Nikakitemea mate kiganjani nikakisugua. Udongo wa Isevya ni kichanga. Ukiulowesha unakukimbia vidoleni. Huu ulinata kama ugali wa juzi. Mweusi, wa mbugani, ule unaomeza magari ya pamba kule Igunga mvua zikianza.

"Hii picha haikuishi hapa," nikasema. "Imeishi miaka mingi kwenye nyumba yenye moshi wa kuni, nchi ya udongo mweusi. Na ni ya mkono uleule wa Mzee. Bibi, hujachanganyikiwa."

Bi Anifa akaweka birika chini. Akakaa. Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Alizichora mbili," alisema.

"Bernardo anasema ina dada yake."

"Mabruki alikuwa mtu wa haki. Akininunulia kanga mimi, anamnunulia na Minza. Sukari huku, sukari kule. Hata alipotuletea redio, zilikuwa mbili, za rangi moja, na zote ziliharibika." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini hii picha aliniambia ni yangu. Hakusema kuna nyingine."

Bi Minza ni mke mwenzake, mke mdogo, Msukuma wa Ziba. Mzee Mabruki alimwoa alipokuwa akizunguka kuchora mabango ya maduka huko Igunga, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akienda kwake kwa zamu, akirudi na mchele.

"Mpigie simu umuulize," nikasema.

"Nimuulize nini? Minza, uliichukua picha yangu? Kama si yeye, nimemwita mwizi. Huyu mtu tumezikiana mume. Nenda wewe. Wewe ukikosea ni mtoto."

Kabla ya kwenda, nikampigia Idrisa. Nikamweleza masizi, nyigu na udongo, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kuandika insha.

"Adinani mdogo wangu," alisema, "unataka nimwambie mpangaji atafute nyumba nyingine kwa sababu ya nyigu?"

"Kwa sababu ya ushahidi, kaka."

"Mama anasema picha imegeuza uso. Wewe angekuwa mama yako ungefanyaje? Mimi usiku silali. Nikisikia simu ya Tabora naona moto."

"Nikienda Ziba, Bi Minza akikubali?"

"Mama mdogo? Yule na mama siku hizi wameshikana hivyo. Mama akimwomba aseme kaubeba mwezi, atasema kaubeba na nyota. Nitafutie mtu mwingine. Mtu aliyeiona picha ikitoka mle ndani, asiye na faida yoyote. Nikimsikia huyo kwa masikio yangu, mama anabaki kwake na mimi sitalitaja jiko tena." Kisha akauliza: "Na wewe si ulikuwepo msibani?"

"Siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa chai. Aliyeingia nilimwona na aliyetoka nilimwona."

"Uliona picha inatoka?"

"Hakuna picha iliyotoka mbele ya macho yangu, kaka. Hilo nakuhakikishia."

"Basi hukumu umeitoa mwenyewe," alisema Idrisa kwa upole, akakata simu.

*

Ijumaa asubuhi nilishuka basi Puge, nikachukua bodaboda mpaka Ziba. Nilikuwa nimevaa tai ya mjomba wangu na nimebeba faili tupu; Bi Minza aliniona msibani, lakini mfiwa hakumbuki nyuso, tena zisizo na tai. Mpango ulikuwa mzuri: mimi ni ofisa kutoka Dar es Salaam, nakusanya picha za zamani kwa ajili ya maonyesho. Mtu akiulizwa kuhusu wizi anafunga mlango. Akiulizwa kuhusu maonyesho anafuta vumbi.

Bi Minza nilimkuta uani anapepeta karanga. Mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye uso unaosubiri wengine wamalize kuongea. Jikoni, kwenye kibanda kilichoegemea nyumba, kuni zilikuwa zinafuka, na moshi wote ulikuwa unaingia ndani bila kubisha hodi. Nikauandika huo moshi kwenye faili tupu.

"Mwadila, mayu," nikasema. Ndicho Kisukuma changu chote.

"Mwadila. Umetoka wapi, baba?"

"Dar es Salaam."

"Mh. Mbali. Karibu, mtu wa Dar."

Akaniingiza ndani, akanipa kigoda, akaniletea sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na karanga, na maziwa mgando kwenye kikombe. Nikamweleza maonyesho. Nikataja wizara. Nikataja wageni mashuhuri. Alisikiliza bila kupepesa.

"Kumbe," alisema. "Na Dar mnakula michembe?"

"Mara chache sana, mama."

"Lakini unajua kuitafuna. Watu wa Dar huwa wananiuliza kwanza kama ni ngozi ya mnyama."

Nikameza. Macho yalikuwa yameanza kuzoea giza la mle ndani, na ukutani, juu ya masanduku, wafalme wawili wa mawe walikuwa wamekaa, mikono magotini. Wapagazi walikuwa wanapita. Na mbele, mwanamke mwenye mtungi alikuwa ananiangalia mimi, moja kwa moja, kama mtu aliyefungua mlango akakukuta ndio kwanza unataka kubisha.

Niliinuka, nikaishika fremu, nikaichungulia mgongoni. Kitambaa kilikuwa kisafi, rangi ya maziwa. Masizi yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza, kwenye kingo tu.

"Mama," nikasema, "mimi si mtu wa maonyesho."

"Najua."

"Mimi ni mpelelezi."

"Hilo sikulijua. Endelea."

Nikaweka faili chini. Nikamwambia kwamba Bi Anifa anaona picha yake imegeuza uso, kwamba Idrisa anaamini mama yake akili imeyumba, na kwamba kesho anakuja na gari kumhamisha. Mikono ya Bi Minza, iliyokuwa bado inachambua karanga, ilisimama.

"Anamhamisha Anifa? Kwa sababu ya huyu?" Akamwonyesha mwanamke wa ukutani kwa kidevu.

"Kwa sababu hakuna anayemwamini."

"Sikujua ataona," alisema. "Wallahi sikujua. Nilisema, mwenzangu amekaa na mume mle ndani miaka yote, ana haja gani ya kuchunguza picha."

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.

"Ile ya kwangu alikuja kunichorea hapahapa, amekaa hapo ulipokaa. Alipomaliza nikamwambia, Mabruki, mbona huyu anaangalia njia? Akasema, nimemchora nilichokikuta. Nilipofika hapa kila mara nilikukuta unaangalia njia. Nikacheka, lakini nilikasirika. Kila alipokuja nilimwambia, mgeuze. Akasema, nitamgeuza, nitamgeuza. Brashi iko Tabora. Rangi iko Tabora. Yeye mwenyewe yuko Tabora." Alifagia maganda kwa kiganja yakawa rundo dogo. "Alipougua akanipigia. Sauti imeisha. Akasema, Minza, mlete yule wa kwako, nimgeuze uso. Nikaifunga picha nikaondoka. Mvua ikatukamata njiani, mto umejaa, basi limelala ng'ambo. Nilipofika Isevya kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji."

"Pole, mama."

"Wakanikalisha sebuleni. Wakaniambia kitanda chake kiliwekwa palepale, siku za mwisho alikuwa anatazama ukuta ule. Nikainua macho, nikamwona wa Anifa. Alikuwa ananiangalia." Akautazama ukuta wake, si mimi. "Sikuiba. Nilibadilisha. Moja kwa moja, sawa kwa sawa, ndivyo alivyotuzoesha. Watu walipotoka kwenda kwenye dua, nikamtundika wa kwangu, nikamshusha huyu. Nilimwona kama ndiye niliyeahidiwa."

Kwa muda nilijishughulisha na kikombe cha maziwa.

"Utayasema haya kwa Idrisa?" nikauliza.

"Nitayasema kwa Anifa kwanza. Kisha kwa Idrisa. Kisha kwa yeyote anayetaka. Anifa hahami kwa ajili yangu."

"Idrisa hatakuamini peke yako. Anasema mnalindana. Anataka mtu mwingine, aliyeiona picha ikitoka, asiye na faida." Hapo nikasimama, maana sehemu hii niliitayarisha kwenye bodaboda. "Na huyo mtu yupo, mama. Tufikirie pamoja. Fremu ni kubwa, mbao za mninga, nzito. Kutoka Isevya mpaka stendi ni mwendo. Wewe ulikuwa na huzuni, na begi, na hujala. Hukuibeba mwenyewe. Ulikuwa na msaidizi. Mtu mwenye nguvu, anayeijua nyumba, ambaye hakuna angemshangaa akipita na mzigo. Huyo ndiye ninayemtaka. Sitamfanya kitu. Nitamkemea tu, maana alibeba mali ya watu bila kuuliza, na kama angefungua kinywa tangu siku ile, Bi Anifa asingekuwa anafungasha nguo."

Bi Minza alinitazama kwa makini, kuanzia tai mpaka viatu.

"Umesema yote hayo umeyafikiria mwenyewe?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi mpigie Idrisa. Weka sauti kubwa."

Nikapiga. Idrisa alipokea haraka, kama kawaida yake akisikia Tabora.

"Kaka, niko Ziba kwa Bi Minza. Picha ipo hapa, nimeiona. Amekiri alibadilisha."

"Shikamoo, mama mdogo," ilisema simu.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nitakuja kumwambia mama yako mwenyewe, kesho, kabla hujafika."

"Mama mdogo, mimi nikiamini leo, kesho nitajiuliza kama mmepanga. Nilimwambia Adinani. Yupo mtu aliyeona?"

"Yupo," alisema Bi Minza. "Nilikuwa nimeifunga ndani ya mkeka, nikaizungushia kamba. Kijana mmoja akaniona mlangoni na mzigo. Akaweka birika la chai chini, akasema, mama, wewe ni mfiwa, hubebi kitu. Akaupandisha begani. Njia nzima ananichekesha. Ananiambia habari za mama yake, eti kaandika kitu cha mkaa kwenye kibao chake."

Nilikaa kwenye kigoda.

"Tulipofika stendi," aliendelea, "kondakta akataka kuurusha juu na magunia. Nikamwambia yule kijana, usikubali, usiulaze. Akaniuliza, mama, humu mna nini? Nikasema, mna mume wangu. Akadhani ni uchungu unasema. Hakucheka. Akapanda ndani, akauketisha kwenye kiti cha dirishani, akaufunga mkanda kama abiria, na akamwambia kondakta kiti hicho kina mtu. Nikaja nao hivyo mpaka Puge." Alinisukumia sahani. "Leo kaja kwangu na tai anatoka Dar es Salaam. Nikasema, acha nimwache, labda ndio kukua."

Sauti ya Idrisa ilipotoka kwenye simu ilikuwa ya mtu mdogo kuliko fundi wa majokofu.

"Aliufunga mkanda?"

"Niliufunga, kaka," nikasema.

"Kumbe mama alikuwa anaona sawasawa." Akakohoa. "Mwambieni kesho nakuja na basi. Nakuja kula tu. Na mpangaji nitaongea naye mimi."

"Nitamwambia," alisema Bi Minza.

"Adinani."

"Naam, kaka."

"Ule mkeka ulikuwa mzito?"

Nilimtazama mwanamke mwenye mtungi. Naye, kama walivyosema wote, alikuwa ananiangalia.

"Ulikuwa mzito," nikasema.

"Na ulikuwa na kona?"

"Ulikuwa nazo."

"Mkeka gani ukikunjwa unabaki na kona nne, mdogo wangu?"

Bi Minza aliichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mpaka chini ya kidevu changu, akaishika hapo.

"Mjibu kaka yako," alisema.